Wimbo wa Mzee Ndani ya Kopo la Biskuti

Mume wangu alipopata kiharusi, kilichokwenda ni mkono wa kulia. Mguu ulirudi, maneno yalirudi, mkono ukabaki kama wa mtu mwingine aliyeuacha mapajani mwake. Naye ni mpiga gitaa. Asubuhi nilimkanda kwa maji moto, nikamvalisha shati, nikamweka barazani na gitaa lake.

Zamani alikuwa kwenye bendi ya dansi, mjini Tabora. Bendi ile haikuwahi kurekodi hata mara moja. Ana wimbo aliotunga mwenyewe, na wengi waliokuwa wakiucheza tumeshawazika. Alitaka huo ubaki. Hakutaka kingine, hata dawa alikuwa akinywa kwa kusukumwa. Lakini vidole vya mkono ule, hata vilipoamka kidogo, vilimruhusu mistari miwili mitatu tu, vikafa ganzi. Mjukuu wetu alijaribu kumrekodi kwa simu, ikatoka sauti ya mzee anayeanza, anaacha, anatukana.

Mjukuu huyo ni binti mkubwa, amesomea umeme chuo cha ufundi, na kazi yake ni kufunga spika kwenye maharusi. Tunaishi naye hapa Itetemia. Akaniambia atatengeneza kifaa. Babu atapiga kipande kifupi, atakanyaga kitufe, na kifaa kitakirudia kipande hicho bila kuchoka. Akishapumzika atapiga kingine juu yake, na kingine, mpaka wimbo utimie.

"Kinakumbukaje?" nikamwuliza.

"Kinageuza sauti kuwa namba, bibi. Halafu kinazigeuza namba kuwa sauti."

"Namba za nini?"

"Za hiyo sauti."

Mimi niliishia darasa la nne. Nikaendelea kuchambua karanga.

Kibao cha kijani, kidogo kama kipande cha sabuni, kilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Akakifunga ndani ya kopo bapa la biskuti nililokuwa nawekea sindano na nyuzi, bila kuniuliza. Akalitoboa matundu ya waya za gitaa na spika. Akakaa kwenye meza ya chakula akiyeyusha risasi ya kuungia waya, nyumba yote ikanuka kama kibanda cha fundi redio. Kisha akahamia kwenye kompyuta kukiandikia maagizo, maana alisema kifaa kile hakijui chochote mpaka ukiambie wewe, hatua kwa hatua. Walipokijaribu kilikoroma tu. Akarekebisha, gitaa likasikika kama linapigwa kisimani. Hapo mzee akainua kichwa.

"Mke wangu, huo mwangwi niachie kidogo." Humwita mjukuu hivyo, kama babu yeyote.

"Nitakuachia, mume wangu, mke mkubwa akiridhia."

"Mke mkubwa anataka kopo lake," nikasema.

Kilipoanza kufanya kazi, mjukuu alitukalisha wote wawili akatuonya. Kifaa hakijajua kutunza. Umeme ukikatika kinasahau kila kitu, na sehemu ya kutunzia ameiagiza lakini haijafika. Babu akipata kitu kizuri, aitwe yeye haraka aje akirekodi kwa simu.

Siku babu alipokipata kitu kizuri, mjukuu alikuwa Usoke kwenye harusi.

Nilikuwa uani napepeta mahindi. Nikasikia sauti ya chini ya gitaa ikianza, ikizunguka. Baada ya muda mrefu ikaja ya pili juu yake. Nikasimamisha ungo. Ilipoingia ya tatu, wimbo ulikuwa mzima, nao nilikuwa sijausikia mzima tangu nilipokuwa msichana wa kuucheza. Nikaenda barazani. Mkono ulikuwa umening'inia nje ya kiti, na kopo linapiga peke yake.

"Usiguse," mzee akasema. "Sitaweza tena."

"Sijagusa."

Nikampigia mjukuu. Hapatikani. Simu yangu ni kitochi, sijui kama inarekodi, na kama inarekodi mimi sijui inavyofanya. Nyuma ya ua anakaa fundi cherehani mwenye simu kubwa. Nikaenda, wimbo nausikia nyuma yangu.

Aliponiona aliacha cherehani, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Za tangu asubuhi?"

"Nzuri. Sikiliza, ninataka..."

"Babu ameamkaje?"

"Ameamka salama."

"Na mkono? Dawa zile zinamsaidia?"

"Anaendelea."

"Na dada wa spika yuko salama?"

Mimi ndiye niliyewafundisha mabinti wa mtaa huu salamu, kwa ukali, na hakuna aliyethubutu kuzikata mbele yangu. Huyu alikuwa ananipa heshima zangu zote. Nikasema, "Inuka, chukua simu, twende." Akainuka. Akatafuta kandambili chini ya meza. Feni yake ikapunguza mwendo, ikasimama, na kule kwangu kukawa kimya.

Tulimkuta mzee amekaa vilevile.

"Umezima?"

"Umeme," nikamwambia.

Yule fundi alisimama ameshika simu kwa mikono miwili, hajui aitie wapi. Akasema, "Bibi, si unaujua? Uimbe wewe, nikurekodi." Mimi si mtu wa kuimba. Nikaimba. Mwanzo niliupata, katikati ukaniponyoka, nikajisikia naimba kitu kingine kabisa.

"Siyo huo," mzee akasema.

"Najua siyo huo."

Fundi akaaga, akaenda zake.

Umeme ulirudi alasiri. Taa nyekundu ya kopo ikawaka, likavuma kidogo, basi. Mzee akaomba gitaa. Nikamwekea mapajani, nikakiinua kile kiganja cha kulia, nikapanga vidole vyake juu ya nyuzi, kimoja kimoja. Nilipoviachia, vikateleza.