Salamu za Wanawake wa Kipungani

Mwenye kutaka kucheka na acheke sasa, amalize, kisha tuzungumze. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, saa sita na dakika kadhaa, nikiwa na akili zangu timamu na chupa ya maji mkononi. Sikuwa na homa, wala sikuwa nimelala. Na kama unadhani mambo haya hutokea usiku tu, kwenye magofu yenye popo, una bahati. Endelea kudhani hivyo.

Nililelewa Kipungani, kijiji cha kisiwani Amu, na Bi Rukia, mama yake baba. Baba alikwenda kuvua nikiwa na miaka minne. Mashua ilipatikana, yeye hakupatikana, kwa hiyo hatukumzika. Bibi akanilea kwa kusuka mikeka, yeye na wanawake wenzake, kila siku barazani, ukindu umelowekwa ndani ya beseni na mazungumzo hayaishi. Nilipopata nafasi ya kwenda Jordan kusomea sharia, baraza zima lilishangilia, nami nikajiona mtu mkubwa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pana jambo lenyewe. Kwetu mtu akisafiri kwenda nchi za mitume hapewi orodha ya zawadi. Hupewa salamu. Hujaji huenda Madina na salamu za mtaa mzima, akifika huzitoa moja moja, kwa jina la mwenyewe: fulani binti fulani anakusalimu. Asiye na uwezo wa kwenda huwa amefika kwa njia hiyo. Na ukishazipokea, ni amana shingoni mwako mpaka uifikishe. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua, sembuse mimi niliyekwenda kusomea dini.

Jioni ya mwisho Bibi alinipa daftari la shule, akaniambia niandike. Wanawake wakataja majina yao huku mikono ikiendelea kusuka. Walikuwa thelathini na mmoja. Walipomaliza na kuondoka, Bibi akaniambia niongeze jina moja.

"Na babako mtaye," alisema. "Yeye hana kaburi la kuzuriwa. Na ayulikane huko."

Nikaandika jina la baba mwisho wa ukurasa. Nikaapa nitawataja wote, kwa kila mtume na kila mja mwema nitakayemzuru. Niliapa kwa sauti, wala hakuna aliyenilazimisha.

Ziara yangu ya kwanza ilikuwa pango la Ashabul Kahfi, wale vijana wema waliolala pangoni miaka mia tatu, nje kidogo ya Amman. Nilikwenda na wanafunzi wenzangu, watu wa kila nchi, wamevaa vizuri, wanajua kila kitu. Nikatoa daftari. Mmoja akachungulia begani mwangu akauliza ni nini, na nilipomweleza akatabasamu, akasema hayo ni mambo ya vikongwe. Wakacheka, nami nikacheka nao. Nikalirudisha daftari mkobani, nikapiga picha mlangoni mwa pango. Baadaye nimejaribu sana kujidanganya kwamba niliacha kwa hoja ya kidini, kwamba wako maulamaa wasioyapenda mambo haya. Uongo. Niliacha kwa aibu. Niliona aibu kutaja majina ya wasuka mikeka mbele ya watu waliovaa miwani.

Usiku huo Bibi akaniletea ujumbe wa sauti. Mimi mwenyewe ndiye niliyemnunulia ile simu na kumfundisha pa kubonyeza. Akauliza kama nimefika na kama nimewataja. Nikamjibu, "Nimewataja wote, Bibi, mmoja mmoja." Kesho yake nikasikia baraza zima likipiga vigelegele ndani ya simu, na wanawake wengine watatu wakataka niongeze majina yao.

Ndivyo ilivyokwenda. Kwa Nabii Shuaib nilikunywa chai, nikasema nimewataja. Kwenye Bahari ya Lut, yenye chumvi isiyozamisha mtu, nilielea juu ya maji kama gogo, nikapigwa picha, Bibi akauliza, nikasema pale si pa salamu ila nimewaombea dua. Unaona nilivyokuwa mwanachuoni? Hata uongo nilikuwa nautolea fatwa.

Alikuwapo Mkenya mwenzangu, Dennis, kijana Mkristo wa Nakuru aliyekuwa akisomea uhandisi. Yeye Biblia yake ilikuwa imejaa vikaratasi. Tulipopanda mlima Nebo, ambapo wanasema Musa alioneshwa nchi ya ahadi na asiingie, Dennis alipiga magoti mbele ya watalii, akasoma majina ya akina mama wa kanisa lao kutoka kwenye karatasi, polepole, na jasho linamtoka. Watu wakampisha tu. Hakuna aliyemcheka. Kwenye mto Jordan alijaza maji chupa nne za kupeleka nyumbani. Mimi nilimshikia begi.

Ndiye niliyekwenda naye Petra. Nyuma ya Petra, mbali sana, kuna mlima wenye kijumba cheupe kileleni, na huko ndiko wanakosema amezikwa Nabii Harun. Tulitembea tangu alfajiri. Tulipofika chini ya mlima, miguu yangu ilikuwa imechoka na jua linachoma utosi. Nikasema siendelei, nitamngoja kivulini. Dennis alikuwa anajua habari za daftari.

"Nipe hayo majina, msee," akasema. "Nitayataja huko juu. Si Haruni ni wetu pia?"

Nikamwambia asijisumbue. Wallahi nilimwambia hivyo. Akapanda peke yake, nami nikakaa kwenye kivuli cha jabali, nikatoa simu, nikamrekodia Bibi nikihema makusudi: nimefika kwa Nabii Harun, niko kileleni, nimewataja wote na baba pia nimemtaja. Nikabonyeza. Mtandao haukuwapo, ile alama ya saa ikabaki hapo, ujumbe haujatoka.

Nilipoinua macho, palikuwa na mwanamke ameketi upande wa pili wa jabali, hatua nne kutoka nilipo, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyoketi wasukaji wetu. Amevaa buibui na ushungi. Usoni sikumjua, lakini alikuwa mtu wa kwetu, hilo huliulizi. Alikuwa anasuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka.

Nilinusa ukindu kabla sijajiuliza lolote. Ukindu mbichi, uliotolewa majini saa hiyo, na maji yanadondoka juu ya jiwe. Pale hapakuwa na kisima, wala mnazi, wala mkindu, ni mawe matupu mpaka macho yanapoishia. Ungefanya nini wewe? Mimi niliyahesabu yale matone.

Akaanza kutaja majina, taratibu, bila kuniangalia. Kila jina akikunja jani moja. Yalikuwa yale ya daftarini, kwa mpangilio uleule, na daftari liko mkobani mwangu, zipu imefungwa. Mwana Esha binti Bakari. Bi Maryamu binti Omari. Thelathini na mmoja, kisha wale watatu walioongezwa kwa simu, ambao sikuwa nimewaandika mahali popote.

Ndipo akanitazama.

"Hawa wote wako ndiani," akasema, yaani bado wamo njiani. "Umekuya nao hata hapa, kisha umewakalia."

Nikataka kusema nilikuwa naelekea kupanda.

"Bibiyo yeo meketi barazani angoya jawabu. Na wa mwisho je? Mtaye."

Alinitaka nimtaje baba. Neno moja tu, jina la baba yangu mzazi. Unaniamini nikikwambia sikulikumbuka? Nililitafuta, sikulipata. Nikafungua mkoba nisome daftari, vidole vikashindwa na zipu kama vidole vya mtoto. Yeye akaningoja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Hatimaye akaukata ukili kwa meno, akauweka juu ya jiwe.

"Basi na salamu zako zingoye," akasema.

Akasimama, akazunguka jabali. Nikaacha mkoba, nikazunguka na mimi. Hakukuwa na mtu, na mahali penyewe ni wazi, hata mbuzi asingejificha.

Dennis aliposhuka alinikuta bado nalizunguka lile jabali. Akauokota ule ukili, akasema, hii si ni ya ile mikeka ya kwenu, mbona imelowa? Ninao mpaka leo, umekauka. Una mikunjo thelathini na minne. Wa thelathini na tano haumo.

Nikampa Dennis salamu ya kumpongeza kwa kupanda. Akanitazama mdomo, akauliza nimesemaje. Nikarudia. Akasema, "Unasonga midomo tu, bro, kunywa maji." Tuliporudi kwenye basi, dereva akanigombeza kwa kuingia bila kusalimu. Nilikuwa nimesalimu. Nilisalimu tena na tena, na yule mzee ananitazama kama mlevi.

Neno lolote jingine linasikika. Salamu haisikiki. Nikiiandika haionekani. Nimejaribu Kiarabu na Kiswahili, nimejaribu mbele ya kioo, na mimi mwenyewe naisikia vizuri sana.

Ule ujumbe wa uongo ulikuwa umekwenda wenyewe tulipopata mtandao. Nilimpigia Bibi ili nimweleze ukweli. Nikamsalimu, akasema, "Hallo? Nani?" Nikasema ni mimi. Akaniuliza kwa upole kama siku hizi huko tunafundishwa kuanza maneno bila salamu. Nikakosa ujasiri wa kumweleza. Kwa miezi iliyobaki nilimpigia mara chache, na kila mara aliniuliza swali hilohilo, mpaka akaacha kuuliza.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja Kipungani. Niliingia barazani, nikawasalimu wanawake wote, na wote wakaninyamazia, wakatazama mikono yao. Walijua tu kwamba mtoto wao amerudi na kiburi. Usiku nilimwambia Bibi kila kitu, nikamwekea ukili mapajani. Aliupapasa, akaihesabu mikunjo.

"Nimewaambia wenzangu mitume wameitikia," akasema. Kisha akasema, "Hata babako hukumtaya?"

Nikasema sikumtaja. Hakunilaani. Afadhali angenilaani. Alinirudishia ukili, akaniambia kuna chakula jikoni. Alifariki mwaka uliofuata. Siku ya mwisho, macho yake hayaoni tena, nilimwinamia sikioni nikamsalimu mara nyingi, na akamwuliza jirani kama mjukuu wake bado hajafika.

Mjini Amu walinipa msikiti mdogo niswalishe, maana nina shahada. Niliswalisha adhuhuri moja tu. Mwisho wa swala nikatoa salamu kulia na kushoto, nikageuka. Watu wote walikuwa wamekaa, vichwa chini, wananingoja nimalize. Waliendelea kungoja mpaka mzee mmoja wa safu ya mbele alipotoa salamu yeye. Hawakunifukuza. Nilijiondokea.

Sasa nafanya kazi Shela, kijiji cha watalii, kwenye nyumba ya wageni. Wazungu hawadai salamu, tabasamu linawatosha. Ukinipita kwenye vichochoro vya Amu utaambiwa yule msomi hasalimu watu, mwache.

Utaniuliza kwa nini nisirudi kule mlimani nikawataje. Ziara huanza kwa salamu, nitaanza na neno gani? Na nikitaka kumtuma mtu mwingine, namwambia nifikishie, na linalofuata hapo halisikii. Wale wanawake wamebaki watano. Salamu zao sijui ziko wapi.

Kwa hiyo wewe unayesafiri, mtu akikupa salamu na hutaki kuzibeba, mwambie hapohapo hutaki. Atakununia siku mbili, yataisha. Ukizipokea, usilale kabla hujazifikisha, hata wakikucheka.

Na usiniambie nimekianza kisa hiki kwa kukufokea bila hata kukusalimu. Nilikusalimu. Mstari wa kwanza kabisa juu ya karatasi hii nimekuandikia salamu kamili, kwa wino mweusi. Rudi ukatazame.