Asali Haisubiri Jokofu

Wiki ambayo baba alinitengenezea pombe ya asali, mimi nilikuwa ng'ambo nikihangaika na jokofu. Kwetu Dirma pombe hiyo haitengenezwi ovyo. Mzee hutafuta asali na mizizi, akaitia kwenye kibuyu kikubwa, akakiweka karibu na moto, na wazee wenzake huitwa siku ile ile inapoiva. Baba alitaka nichunge ng'ombe, na shule hakuwahi kuisamehe. Sasa alikuwa ameamua kunibariki mbele ya watu. Nilikuwa nimelisubiri hilo tangu darasa la kwanza.

Kazi yangu ni kubuni na kupima kompyuta za kwanta. Chipu yenyewe, moyo wa kompyuta hiyo, ni ndogo kama ukucha, lakini haifai kitu mpaka ipozwe ndani ya jokofu maalumu kupita baridi ya mlima wowote, ndipo umeme upite ndani yake bila kizuizi. Hapo tunaipa kitu cha kukumbuka, kisha tunapima inakisahau baada ya muda gani. Husahau kabla hujapepesa jicho. Ikichelewa kidogo tu, tunapiga makofi kama wendawazimu.

Tiketi nilikuwa nayo mkononi. Safari ilipokaribia, waya mmoja ndani ya jokofu ukaachia. Huwezi kulifungua likiwa na baridi. Unaliacha lipate joto polepole, unakaza waya, unaanza upya kulipoza, na siku zinakwenda. Chipu ile niliichora mwenyewe, na zamu yangu ikipita jokofu ni la wengine. Nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo baba. Naomba tusogeze mbele kidogo."

"Marahaba. Tusogeze nini?"

"Pombe, baba. Mashine imeharibika, nasubiri ipoe."

"Mimi yangu nasubiri iive. Ikiiva haisubiri mtu. Basi kaa na baridi yako."

Wazee walikunywa, wakabariki ng'ombe na mvua. Chipu yangu nayo, baada ya yote hayo, ilisahau upesi kuliko ile ya zamani. Mshika mbili moja humponyoka. Mimi ziliniponyoka zote. Nililia pale maabara, nikawaambia wenzangu ni mafua.

Nilifika Dirma miezi kadhaa baadaye. Nilimwamkia baba huku nikichungulia pembeni mwa moto. Hapakuwa na kibuyu. Alifurahi kweli kuniona, akanipa kiti cha wageni, akatuma mtu dukani.

Akanifungulia soda kwa mkono wake. "Kunywa," akasema. "Umetoka mbali."