Mbuna wa Mzee Kulow

Mzee Kulow alianza kusema na samaki kabla hajawapenda. Aliwakaripia. Hurudi kutoka soko la mifugo la Garissa, ambako ni dalali wa ngamia tangu ujana wake, akavua viatu mlangoni na kutoa salamu kwenye sebule isiyo na mtu. Kitu cha kwanza kumlaki huwa ni yule samaki wa buluu akimfukuza mwenzake kutoka pembe hadi pembe ya tangi la kioo.

"Mwache!" hufoka mzee. Ukuta humrudishia sauti yake mwenyewe.

Tangi lile lilikuwa la binti yake Ilhan. Alilileta kutoka Nairobi alipomaliza chuo, akaliwekea pampu ya hewa na mawe aliyookota kwenye laga, ule mto wa msimu, kisha akatia samaki wadogo wa rangi waitwao mbuna. Kwao ni Ziwa Malawi, nao ni jamaa wa sato, ingawa hakuna awezaye kuwala akashiba. Baadaye Ilhan akaolewa Banissa, mbali kule Mandera, ambako mtandao wa simu huja na kwenda kama kivuli cha wingu. Siku ya kuondoka alimsimamisha baba yake mbele ya tangi.

"Aabo, hawa ndio watakaokaa nawe. Huyu wa njano ni Zafarani. Huyu nitakuwa nakuuliza habari zake."

"Nenda kwa amani, aabo," mzee alimjibu, maana kwao baba na mwana huitana kwa neno lilo hilo. "Nimechunga ngamia maisha yangu yote. Nitashindwa na visamaki?"

Jirani yake Abdinoor, dalali mwenzake wa sokoni, aliposikia habari hiyo alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Warya Kulow, unawakamua saa ngapi?"

"Cheka tu."

"Mimi nauliza, walaalo, ndugu yangu! Na mvua ikikosekana utahama nao? Utawafunga kamba shingoni? Shingo yenyewe iko wapi?" Akainama kwenye kioo, akamtazama yule wa buluu akimtimua kila aliyesogea. "Huyu mjue, huyu ni chifu. Uwanja wote ni wake na bado anautaka wako."

Tangu hapo wa buluu akaitwa Chifu. Abdinoor alikunywa chai yake akaenda kwake, kwa wajukuu wanaompandia mgongoni, na nyumba ya Kulow ikabaki na mlio wa pampu.

Haikuwa hivyo zamani. Alipokuwa hai mkewe Sadiyo, nyumba ile ilikuwa na kelele kama kisima cha kiangazi. Wana wawili, Yakub na Sakariye, waligombania kila kitu: ngamia wa kuuza na wa kubaki, usukani wa gari, neno la mwisho. Mama yao alipofariki hapakuwa na wa kuingia kati, na siku moja walishikana mashati uani mbele ya majirani. Kulow akafanya alivyofanya baba yake na madume mawili ya ngamia yaliyotoa povu mdomoni kwa uchu wa kupanda: aliwatenga. Yakub alipelekwa na mifugo Hulugho, karibu na mpaka. Sakariye alifunguliwa duka la nguo Nairobi. Ugomvi ukaisha. Watu msikitini walimpa mkono kwa busara ile. Ndivyo tulivyo: tumejifunza kuuita utengano amani, na anayekaa peke yake ndani ya amani hiyo hatumwendei hata na sahani ya wali.

Basi kiangazi cha mwaka huo kilikuja kikali. Stima ikipotea mchana, maji ya tangi yalipata moto, na Kulow aliziachia chupa za barafu zielee humo kama mtu anayemkanda mgonjwa. Katika joto lile Chifu alichachamaa. Akachana mapezi ya mmoja, akamtoa magamba mwingine.

Mzee alijua dawa. Malisho yakiwa finyu, punguza kundi. Dume likiwa kali, ondoa linaowaonea. Akamtoa yule aliyechanika mapezi, akamtia kwenye beseni pana barazani, akaligawia pampu ndogo ya akiba. Kesho yake Chifu akawa amemgeukia mwingine. Naye akatolewa. Kisha mwingine, na mwingine. Kila alipomwokoa mmoja, kipigo kilimhamia aliyefuata, na kilizidi. Mwishowe ndani ya tangi walibaki wawili: Chifu mwenye mawe yote, na Zafarani, aliyejibana nyuma ya bomba la pampu, kichwa juu, mkia chini, hathubutu kutoka.

Zafarani aliacha kula. Taya lake la chini lilivimba. Kulow alimwagia chembe za chakula karibu na mdomo, akambembeleza kwa maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtoto wake yeyote. Samaki hakufungua kinywa.

"Usife," alimwambia. "Nitamwambia nini yule?"

Alipiga simu Banissa hadi ikashika, akaeleza taya lilivyovimba.

"Aabo, haumwi," alisema Ilhan, sauti ikikatika kwa upepo. "Ana mayai mdomoni. Wao huyalea humo humo mpaka watoto waweze kuogelea. Halafu hali kabisa. Lakini asipigwe, akipigwa atayatema, au atakufa nayo. Wenzake wanasemaje?"

"Nimewatoa. Nilitaka amani."

"Wote?"

"Amebaki yeye na Chifu."

Ilhan akasema polepole, kama anayemwongoza kipofu kwenye ngazi:

"Aabo, mbuna si ngamia. Wakiwa wengi, hasira ya dume inagawanyika. Kila mmoja anaonja kidogo, hafi mtu. Ukiwapunguza, yote inamwangukia aliyebaki. Warudishe, lakini usiwarudishe hivi hivi—"

Mtandao ukaondoka. Alipiga tena, na tena. Mwanamke wa kwenye simu alimwambia mteja hapatikani.

Kulow aliketi mbele ya kioo, simu ikiwa bado mkononi. *Yote inamwangukia aliyebaki.* Alitazama sebule: mikeka iliyokunjwa, mito iliyopangwa ukutani na kutoegemewa na mtu. Hakutaka kuifuata fikra ile ilikokuwa ikienda. Akainuka, akamtoa samaki mmoja barazani, akamrudisha tangini.

Chifu alimmaliza kabla ya adhuhuri.

Mzee alimzika uani kwa kijiko, akiona aibu kama aliyemtuma mtu safari asiyomwandalia maji. Hivi hivi, alisema Ilhan. Usiwarudishe hivi hivi. Vipi, sasa?

Jibu lilimjia akitawadha, kutoka mbali, kutoka kwenye mbuga za utotoni. Baba yake hakuingiza ngamia mgeni kundini katika zizi la zamani. Alisubiri siku ya kuhama. Siku hiyo vibanda huvunjwa, mikeka hupakiwa, na kundi zima hulala mahali ambapo hakuna mnyama aliyewahi kulala. Dume lenye kiburi huwa halijui pa kusimama. Linanusa, linazunguka, na mgeni anapata usiku wake wa kwanza kama wengine wote, kwa sababu pale wote ni wageni.

Aliswali, akakunja mikono ya kanzu, akalihamisha zizi.

Alitoa mawe taratibu, moja moja, asimshtue mwenye mayai. Lile pango ambalo Chifu alilifanya ikulu yake alilivunja. Akayapanga upya hadi juu, nyufa nyingi nyembamba, njia za kuingilia na za kutorokea, ukuta pasipokuwa na ukuta, uwanja wazi palipokuwa na ngome. Mgongo ulimlalamikia. Hapakuwa na wa kumpokea jiwe. Kisha akaizima taa, akawamimina wote waliokuwa barazani kwa mara moja.

Alipowasha, Chifu alikuwa katikati, akizunguka pale pango lilipokuwa. Alimfukuza mmoja, akakatizwa na wa pili, akamgeukia wa tatu, akampoteza nyufani. Alifukuza siku nzima na asimfikie mtu vya kutosha. Mapezi yalichanika bado, kidogo kidogo. Wala asidhani mtu kwamba waligeuka malaika. Lakini Zafarani alitoka nyuma ya bomba, akachagua ufa chini kabisa, upana wake tu, akaingia na mzigo wake.

Kulow alipunguza kwenda sokoni. Abdinoor akaja kuuliza kama ni mgonjwa.

"Kuna mja mzito," mzee alimwambia.

"Wallahi umezeeka vibaya," alisema Abdinoor, lakini alikaa kidogo akitazama.

Asubuhi moja taya la Zafarani lilikuwa limenywea. Mzee, akidhani ameyatema mayai, akapiga magoti, akaweka shavu kwenye kioo, akaangalia ufani. Huko gizani vitu vidogo kama punje za ufuta vilikuwa vikitikisika, vyenye macho. Zafarani alitoka na kula kwa mara ya kwanza, kwa pupa, akimkwepa Chifu aliyekuwa na shughuli na wengine.

"Mashallah," alisema Kulow kwa sauti. Akageuka amwonyeshe mtu.

Alimpigia Ilhan. Hapatikani. Abdinoor alikuwa amesafiri. Alisimama na furaha yake sebuleni kama mtu aliyebeba chungu cha moto bila mahali pa kukiweka. Ndipo akampigia Yakub, Hulugho. Yakub alipokea haraka, akihema.

"Aabo? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Yule wa njano amezaa."

"Ngamia gani wa njano?"

"Samaki. Wa Ilhan."

Upande wa pili zilisikika kengele za mbao shingoni mwa ngamia.

"Umenipigia," alisema Yakub, "kuniambia samaki amezaa."

"Ndiyo."

"Hakuna jambo lingine?"

Mzee alitafuta. "Wanazaa mdomoni," alisema.

Yakub alitoa sauti fulani, huenda kicheko. "Haya, aabo. Niko kisimani, zamu yetu imefika. Nitapiga."

Hakusema lini. Kulow aliitazama simu hadi mwanga wake ukazima, kisha akauwasha na kulitafuta jina la Sakariye. Iliita kwa muda mrefu. Ilipopokewa, kabla ya salamu, kabla kijana hajavuta pumzi, baba yake akasema:

"Hakuna aliyekufa."