Udi Kwenye Chumba cha Unga

Kwa miaka mitatu nilisaga unga wa lishe hapa Boko na kuwauzia majirani kwenye mifuko isiyo na maandishi. Madukani waliniambia neno lilelile: leta nembo ya ubora kwanza. Basi serikali ilipoleta mafunzo ya bure kwa wasindikaji wadogo, nilikaa kiti cha mbele kabisa. Tulifundishwa kukausha nafaka, kufungasha, hata kunawa. Mwishoni tukaambiwa afisa atatufuata nyumbani, akague na kuchukua sampuli.

Asubuhi ya ukaguzi nilitoka kununua kofia za kufunika nywele. Niliporudi, harufu ilinipokea getini. Mama mkwe wangu, mtu wa pwani hasa, alikuwa amefukiza udi chumba kizima cha unga.

"Mgeni wa serikali huyo," alisema. "Utamkaribisha kwenye nyumba isiyonukia?"

Nilitamani kulia. Afisa akafika, binti mdogo tu, akamwamkia mama mkwe kwa adabu, akainama kwenye ndoo ya unga, akanusa.

"Mama, huu unga unanukia harusi. Sampuli siwezi kuchukua."

Ningeweza kusingizia majirani. Nikasema ukweli. Hakufoka, alikaa barazani na mama mkwe, akamweleza jinsi unga unavyonyonya kila harufu, na kwamba atakayeula ni mtoto wa miezi sita. Akatupangia siku nyingine.

Unga ule tuliwamwagia kuku. Kesho yake mama mkwe akajipa cheo. Aliweka kigoda mlangoni, na hakuna aliyeingia bila kunawa, kuvua pete na kufunika nywele. Mume wangu, mwanawe wa kumzaa, alirudishwa mara mbili. Nilinung'unika kwa mdomo tu. Moyoni nilijivunia kuwa naye.

Afisa aliporudi, alikuta mlango umezibwa na mama mkwe kwenye kigoda chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vua hizo bangili, kisha kanawe mpaka kwenye viwiko."

Nilitamani ardhi inimeze. "Mama, huyu ndiye mkaguzi!"

"Namjua. Sie hapa tunalisha watoto."

Afisa akavua bangili moja moja, akanawa, akanyoosha viganja vyake. Mama mkwe akavikagua pande zote mbili, akampisha. Karatasi ya nembo ilichukua wiki kadhaa kufika, lakini kwangu mimi tulifaulu palepale mlangoni.