Mashine Ilipata Alichokitafuta Sutapa

Saa mbili asubuhi, maji ya mvua ya Kolkata yamefurika mpaka ngazi ya pili ya taasisi ya utafiti, na Dk. Sutapa Hazra anapanda akiwa ameshika viatu mkononi. Anajifuta miguu, anavaa koti jeupe, kisha anafungua mlango wa chumba ambamo amefanya kazi tangu akiwa na miaka ishirini na tisa. Sasa ana arobaini na saba.

Ndani kuna mlio mdogo kama wa cherehani. Nyuma ya kioo, mkono wa mashine unachota unga kwenye kichupa, unapima, unachanganya, unageuka na kuusukuma mchanganyiko kwenye tanuri dogo. Umefanya hivyo usiku kucha. Haukohoi, hauombi chai.

Sutapa anakagua vichupa vilivyokaribia kwisha na kuvijaza kimoja kimoja. Halafu anachukua brashi, anafagia unga uliomwagika chini ya mkono ule.

"Hii ndiyo kazi yangu siku hizi," anasema. "Namlisha. Akishiba, namwogesha."

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali.

Sutapa ni mwanasayansi wa maada. Kwa maneno yake mwenyewe, ni mtu anayechanganya udongo, madini na moto mpaka apatikane mtoto ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mtoto aliyemtafuta maisha yake yote ni punje ndogo, mfano wa punje ya mtama, ambayo ukiimwagia maji yenye sumu ya aseniki itashika sumu na kuyaachia maji yapite.

Sumu hiyo aliijua kabla ya kulijua jina lake. Nyumbani kwao Kalitala, karibu na mpaka wa Bangladesh, maji ya pampu ni meupe, baridi, matamu. Hayana harufu. Mama yake, Bimala, aliyanywa tangu alipoolewa.

Sutapa alikuwa shule ya sekondari madoa meusi yalipoanza kutokea kwenye viganja vya mama yake. Ngozi ikawa ngumu, ikapasuka. Bimala alikuwa akikaanga mchele wa bisi na kuuza jirani kwa jirani. Wateja wakaanza kupungua.

"Bimala," mwanamke mmoja alimwambia mbele ya watu, "mchele wako unauunguzia mikononi au chunguni?"

Watu wakacheka. Bimala naye akacheka, akajitwisha kapu lake, akarudi nyumbani na bisi zote. Jioni ile familia nzima ilikula bisi.

"Walidhani ni ukoma," Sutapa anasema. "Mama alianza tu kuficha mikono ndani ya sari, hata akiwa peke yake na mimi."

Baadaye wakaja maofisa, wakapima maji, wakaipaka pampu rangi nyekundu: msinywe. Lakini pampu salama ilikuwa mbali, na kiu haisomi rangi. Watu waliendelea kunywa.

Ndiyo maana Sutapa, alipopata nafasi chuoni, hakuchagua udaktari kama baba yake alivyotaka. Alichagua tanuri.

Kwenye tanuri alimkuta Haradhan Maity, fundi wa moto, mtu mfupi mwenye masharubu na mzaha usiokwisha. Sutapa alimwita Haru-da, yaani kaka Haru. Haradhan, ingawa alimzidi umri, alimwita Didi, dada, kwa heshima ya elimu yake.

"Didi, leo tena tunaoka biskuti?"

"Tunaoka, Haru-da."

"Basi leo ziwe za kuvunja meno. Za jana zimeyeyuka kama ahadi za mwanasiasa."

Ndivyo ilivyokuwa, mwaka hadi mwaka. Punje zilizoshika sumu vizuri zilimeng'enyeka majini. Zilizokuwa ngumu hazikushika kitu. Kundi moja dogo lilichukua wiki nzima kuchanganywa, kukaushwa, kuchomwa na kupimwa. Likishindwa, walikwenda kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, wakanywa bila kuongea, wakarudi kuanza upya.

Sutapa hakuolewa. "Haru-da alikuwa akinitania kwamba nimeolewa na tanuri, na kwamba mume huyo angalau ana joto."

Kila alipokwenda Kalitala, mama yake alimpokea kwa swali lile lile.

"Haya, daktari usiyejua kudunga sindano. Maji yangu yako tayari?"

"Bado, Ma."

"Mimi nitasubiri. Ini langu ndilo sina hakika nalo."

Ini halikusubiri. Miaka saba iliyopita Sutapa aliomba likizo, akaenda kumuuguza. Wakati huo yeye na Haradhan walikuwa wameanza kujaribu mchanganyiko mpya, wenye udongo wa mfinyanzi na chuma na madini mengine kidogo. Majaribio ya kwanza hayakuleta matumaini. Haradhan alimpigia simu akauliza aendelee au aache.

"Nilimwambia aache. Nilikuwa nimeshika beseni, mama anatapika. Nilimwambia, Haru-da, zima tu hilo tanuri."

Bimala alifariki kabla mvua hazijaisha. Sutapa aliporudi kazini walianza na mchanganyiko mwingine.

Mashine ililetwa mwaka juzi. Mkurugenzi, Dk. Ranajay Lahiri, alimweleza Sutapa kwamba kabla haijaanza ni lazima ifundishwe, na cha kuifundishia ni yale yote yaliyoshindikana. Sutapa alitumia miezi kuiingizia makosa yake: joto gani, kipimo gani, punje ilikufa vipi. Haradhan alikaa pembeni kumkumbusha yale aliyosahau.

"Tunamfundisha mtoto wa watu kula urithi wetu," Haradhan alisema siku moja.

"Akipata, si watu watapona?"

"Watapona, Didi. Nimesema watu wasipone?"

Ikawashwa. Ilichagua yenyewe cha kuchanganya, ikachoma, ikapima, ikajisahihisha, ikachagua tena. Haikupita miezi miwili, Sutapa akafika asubuhi akakuta jibu kwenye kioo cha kompyuta.

Hakuliamini. Alimwaga maji ya Kalitala, aliyoyabeba mwenyewe kwenye madumu, yakapita katikati ya punje. Akapima. Akapima tena. Sumu haikuwepo. Punje zilikuwa nzima.

Kisha akatazama mchanganyiko wenyewe: udongo wa mfinyanzi, chuma, na yale madini mengine kidogo. Ulikuwa ule ule aliomwambia Haradhan auache, isipokuwa moto ulipunguzwa kiasi na kipimo cha madini kikaongezwa.

"Tulikuwa mlangoni," anasema. "Tulikuwa mlangoni kabisa, hatukubisha."

Siku ile wenzake walileta masinia ya sandesh na rasgulla, tamu za maziwa, wakapigiana makofi. Mtu akamtia Sutapa tamu mdomoni. Haradhan alimkuta baadaye kwenye roshani, ameegemea ukuta, tamu bado iko shavuni hajaimeza.

"Nilimwonea wivu," Sutapa anasema, na hapa sauti inashuka. "Mashine. Maji ya mama yangu yamepatikana, na mimi nalia kwa sababu si mimi niliyeyapata. Halafu nikaona haya kwa kulia hivyo. Sikujua kilio kipi kitangulie."

Haradhan hakumwambia anyamaze. Alisimama naye tu, mpaka tamu ikamezwa.

Mwezi uliofuata ikaandikwa makala ya kisayansi ya kutangaza punje zile. Sutapa aliomba jina la Haradhan liwemo.

"Sutapa," mkurugenzi alimwambia, "fundi wa moto tukimwandika, na tanuri tuliandike?"

"Tanuri halijakohoa kwa ajili ya kazi hii."

Jina halikuandikwa. Na kwa kuwa tanuri kubwa lilikuwa haliwashwi tena, mkataba wa Haradhan, uliokuwa ukimpa rupia elfu kumi na nane kwa mwezi, haukuendelezwa. Sutapa aliomba yeye ndiye akamwambie.

Alimkuta kwao Baruipur, ameketi kizingitini akipanga mapera kwenye kapu. Alikuwa amekonda. Vumbi la miaka mingi lilikuwa limemkaa kifuani.

"Didi amekuja nyumbani kwangu!" alimwita mkewe. "Lete kigoda!" Kisha akamtazama usoni. "Umeniletea tamu au habari mbaya?"

"Vyote viwili, Haru-da."

"Tanguliza tamu. Habari mbaya haipoi."

Wakala. Sutapa alipomweleza, Haradhan alipangusa vidole taratibu, akauliza kitu kimoja tu: kama jina lake limo. Sutapa akatikisa kichwa. Mkewe aliyekuwa mlangoni akageuka akaingia ndani.

"Na lako?"

"Limo. La tano."

"Ah! Nilidhani utaniambia ni mashine ndiyo ya kwanza." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu, na Sutapa akabaki amemshika mgongo mpaka kikaisha. "Usilie, Didi. Wewe ulikuwa unamtafutia mama yako. Mimi nilikuwa natafuta mshahara. Wa kulia hapa ni nani?"

Lakini Haradhan alipomsindikiza mpaka stesheni alimbebea mwavuli njia nzima, na treni ilipoondoka, Sutapa alimwona amegeukia ukuta wa jukwaa.

Haradhan hatafanya kazi ya moto tena. Daktari amemkataza moshi na vumbi. Anauza mapera stesheni hapo hapo. Mkataba wa Sutapa nao unaisha Machi, na hakuna aliyemwambia kama utaendelea. Taasisi inataka vijana wanaojua kuiandikia mashine maagizo.

"Siichukii," anasema, akifuta vumbi kwenye kioo. "Ingekuja mapema, mama angekuwa hai. Nitaichukiaje? Ila hakuna atakayejua tena jinsi tulivyokuwa tukitafuta. Ile chai ya kimya. Mashine haikuihitaji, kwa hiyo sikuiingiza."

Ana mpango. Mashine hutoa punje za kujaza kiganja, na kijiji kinahitaji magunia. Wafinyanzi wawili wa Kalitala wamekubali kujaribu kuzichoma kwenye matanuri yao ya kuni, na Sutapa ameomba likizo yake yote iliyobaki ili akakae nao. Kundi la kwanza lilipasuka. La pili limeshika kidogo. Likifaulu, chujio la kwanza litafungwa kwenye shule ya msingi ya kijiji kabla ya joto la Aprili, mkataba uwepo usiwepo.

Mwalimu mkuu amemuuliza ukutani paandikwe jina la nani.

"Nimemwambia aache wazi. Watoto wanywe, wakimbie wakacheze, hilo linatosha." Anatazama mkono ule ukichota unga. "Lakini natamani mmoja wao, hata mmoja, aulize. Nimwambie kulikuwa na mtu anaitwa Haradhan."