Bei ya Trekta la Baba Esta

Enzi zetu sisi tuliokulia kijijini Simbo, upande wa Ujiji, msimu wa kulima hatukuusikia redioni wala kwa mwalimu. Tuliusikia bondeni, trekta dogo la Baba Esta likikohoa alfajiri. Linakohoa, linanyamaza, linakohoa tena, halafu linashika moto na kunguruma, na watoto wote tuliokuwa tunakunywa uji tunaacha vikombe na kukimbia. Wenzangu wa rika langu wa pande zile hawahitaji kuelezwa zaidi. Vijana wa sasa, wanaolala na simu kifuani na kuamshwa na simu hiyohiyo, nitawaeleza taratibu.

Lilikuwa trekta la bustani, la zamani hata kwa siku zile. Urefu wake haukuzidi kitanda. Lilikuwa na kiti kimoja cha chuma, taa moja iliyobaki, na rangi ambayo zamani ilikuwa kijani. Kwa kuwa lilikwenda polepole huku likitikisika mbele na nyuma, tuliliita Kinyonga. Baba Esta alikuwa dereva wa mapadre, na trekta hilo lilikuwa limekufa siku nyingi kwenye banda lao. Walipochoka kuliangalia, walimwambia alichukue. Watu walisimulia kwamba alikaa karibu mwaka mzima akilifungua na kulifunga, akitafuta spea mpaka Ujiji, na siku lilipowaka mke wake alipiga vigelegele kama harusini.

Yeye alikuwa Mrundi. Alivuka mpaka akiwa kijana, Warundi walipokimbia vita mara ya kwanza, kabla sisi hatujazaliwa. Alijenga karibu na kwetu, tukatenganishwa na ua wa minyaa tu. Esta, mtoto wake wa kwanza, nilizaliwa naye mwaka mmoja na kukaa naye dawati moja. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache. Alitusalimia "Amahoro", yaani amani kwa Kirundi, nasi tunaitikia "Amahoro" huku tukicheka, kisha tunampa shikamoo yake. Hakuwa mkali, ila ukimkalia Kinyonga bila ruhusa alikutazama tu, na ulishuka mwenyewe.

Alilimia watu mashamba yao kwa debe la mahindi au la maharage, kila mtu kwa uwezo wake. Sisi watoto tulifuata nyuma ya plau, miguu ikizama kwenye udongo uliogeuzwa, baridi na laini, tukiokota viazi vitamu vilivyosahauliwa na wavunaji. Tulivichoma pembeni ya shamba, nje vimeungua, ndani vibichi, tukavila hivyohivyo. Mchana mama alileta ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, tukazunguka sinia moja na Esta na wadogo zake, midomo yote imekuwa myekundu. Jioni tulicheza rede mpaka mpira wa soksi hauonekani tena, na mama akaanza kuita. "Nikikuita mara ya tatu, utalala huko huko na mbuzi!" Alisema hivyo kila siku, na hakuna aliyewahi kulala na mbuzi.

Baba yangu alikuwa amefanya kazi reli kabla ya kurudi kulima, na mashine alizipenda kuliko ng'ombe. Alilitamani trekta lile waziwazi. Mwaka mmoja, baada ya mavuno mazuri, alikwenda kwa Baba Esta na kumwambia atampa ng'ombe wawili, na cherehani ya mama juu. Mama alikuwa hajaulizwa habari ya cherehani. Baba Esta alicheka mpaka akafuta machozi.

"Jirani," alisema, "hili siuzi. Nikiliuza nitalima na nini, na meno?"

Wakacheka wote wawili. Hiyo habari ya ng'ombe wawili muikumbuke, maana mimi sijaisahau.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Kule Burundi watu walianza kuuana tena, na baadaye ng'ambo ya ziwa nako kukachafuka. Ukienda Ujiji na mama kununua dagaa, uliona pwani watu wanashuka kwenye mitumbwi na magodoro vichwani, wazee wamebebwa mgongoni kama watoto. Njia ya kwetu ilipitisha watu mchana kutwa. Mama alichemsha sufuria la maharage na kuliweka nje ya ua. Darasani tulikaa wanne wanne kwenye dawati la wawili. Mwanzoni tuliona kama sikukuu, kwa sababu ya wageni wengi. Halafu michezo ikaanza kupungua. Wazazi walizungumza kwa sauti ya chini, na neno "Mrundi", ambalo kabla ya hapo lilikuwa kama kusema mtu ni mrefu au mfupi, likaanza kusemwa kwa namna nyingine.

Siku moja likasomwa tangazo la serikali. Warundi wote waliokuwa wanaishi vijijini bila karatasi waende kambini. Wamepewa siku tatu, malori yatakuja. Tulidhani linawahusu wale waliofika jana na juzi. Kumbe Baba Esta naye hakuwa na karatasi. Miaka yote ile hakuna aliyemuuliza, naye hakuona sababu ya kutafuta.

Hizo siku tatu sizipendi kuzikumbuka. Kijiji kiligeuka soko. Watu waliokuwa wanaondoka walitoa nje vitanda, kuku, majembe, mpaka milango waliing'oa. Siku ya kwanza walitaja bei, siku ya pili walipunguza. Wanunuzi waliacha kuuliza, wakawa wanapita tu, wanatazama, wanasema watarudi. Kila mtu alijua kwamba kesho yake bei itakuwa chini zaidi. Hata watu waliozikana na kuuguzana nao walipita wakitazama.

Asubuhi ya siku ya pili Baba Esta alikuja kwetu. Hakupitia kwenye upenyo wa ua kama kawaida yake, alizunguka akapiga hodi mbele kama mgeni. Mama alimpa kiti, nami nikamletea maji ya kunywa, nikabaki nimesimama na sahani ya kikombe mkononi.

"Jirani," alisema, "mambo umeyasikia. Lile trekta haliwezi kupanda lori. Nimeona bora uwe nalo wewe kuliko mtu nisiyemjua. Wewe utalitunza."

Baba alitazama chini. "Unataka ngapi?"

"Taja wewe. Wewe unalijua."

Nilimtazama baba. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na kichwani nilikuwa nimekwisha kulipa wale ng'ombe wawili, na cherehani nikamwachia mama. Baba akajikuna goti, halafu akataja bei. Mtu mzima yeyote wa wakati ule angeijua mara moja. Ilikuwa bei ya baiskeli. Wala si mpya.

Mama aliinuka, akachukua ndoo iliyokuwa imejaa maji, akatoka nayo kama anakwenda kisimani.

Baba Esta hakubisha. Alimtazama baba usoni, kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Kisha akasema, "Sawa."

Nimesikia neno hilo mara elfu maishani. Sijalisikia tena likisemwa hivyo.

Na bado siku ile hakuondoka. Alishinda na baba bondeni akimfundisha. Alimwonyesha namna ya kuvuta kamba bila kulizamisha petroli, namna ya kusafisha plagi kwa brashi, saa ngapi alipumzishe wakati wa jua. "Hiki ni kitu cha zamani," alimwambia, "hakitengenezwi tena. Ukilivunja hili sikio la chuma hapa, hutapata jingine popote." Alirudia mara mbili, mpaka baba akaweza kuyasema mwenyewe. Baba aliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtoto wa shule.

Esta na mimi tulikaa juu ya tuta tukiwatazama. Hatukuwa na mchezo wowote. Akaniuliza, bila hasira, kama anavyoulizwa mtu swali la hesabu, "Kwa nini baba yako hakusema ile bei ya zamani?"

Nikamjibu sijui. Nilikuwa najua.

Lori lilikuja kesho yake. Walipanda na magunia na sufuria, mama yake Esta ana mtoto mgongoni. Baba hakuwepo. Alisema amekwenda mjini, Katubuka, kumuona mtu.

Alilima na Kinyonga msimu mmoja. Lilikuwa linamkatalia. Alivuta kamba mpaka bega likavimba, na lilipowaka hatukukimbia kama zamani. Wapo waliomwita awalimie, ila hawakukaa kupiga naye soga. Mama hakumpelekea chakula shambani hata siku moja. Hakuwahi kugombana naye juu ya jambo lile. Alimwekea chakula nyumbani, kimefunikwa vizuri, na kwenda kukaa upande wa pili wa nyumba.

Baada ya mavuno akaja mfanyabiashara kutoka Buzebazeba, mnunuzi wa mitambo chakavu. Alilizunguka trekta, akaligonga gonga, akataja kiasi. Baba akacheka. Nilikuwa napepeta mahindi hapo karibu, na mama alikuwa ndani. Baba aliamka kwelikweli siku ile. Alieleza habari ya injini, habari ya mapadre, habari ya chuma cha siku zile na cha siku hizi. "Hiki ni kitu cha zamani," alimwambia, "hakitengenezwi tena. Huwezi kupata jingine popote." Yule mtu akapandisha bei, baba akakataa. Akapandisha tena, baba akageuka kama anaondoka. Mwishoni walishikana mikono kwa kiasi ambacho kingenunua ng'ombe watatu.

Mama akatokea mlangoni.

"Kumbe bei unaijua," alisema.

Baba alisimama pale na noti mkononi.

Wiki hiyohiyo akaniambia nivae nguo ya kanisani, tunakwenda kambini. Tulisafiri karibu siku nzima, vumbi jekundu mpaka masikioni. Ile kambi sikuweza kuona mwisho wake. Tuliuliza na kuuliza mpaka tukawapata. Walikuwa na kibanda cha turubai, na mbele yake tuta moja la mchicha, halizidi upana wa mkeka. Esta alikuwa amerefuka na kukonda. Tulisalimiana kwa mkono kama watu wazima.

Baba alitoa bahasha, akaiweka juu ya kigoda. "Nimeliuza," alisema. "Nilichokupa nimekitoa. Hii iliyobaki ni yako."

Baba Esta hakuigusa. Aliuliza, "Aliyenunua, umemfundisha kuliwasha?"

Mimi nilikuwa nimeona mwenyewe. Yule mtu wa Buzebazeba alikuja na vijana na misumeno, wakaing'oa injini palepale uani kwetu. Vyuma vilivyobaki vilikatwa vipande na kupakiwa kwenye tela.

"Nimemfundisha," baba alisema.

"Habari ya lile sikio pia?"

"Na sikio."

Baba Esta akaitikia kwa kichwa. Mke wake ndiye aliyeichukua bahasha, akaenda nayo ndani, na sisi tukapewa uji. Hakuna aliyesema asante, na baba hakuonekana kuingojea. Mnajua desturi zetu, mgeni hasindikizwi kwa maneno, unatembea naye mpaka njiani. Tulipoinuka, Baba Esta alibaki kwenye kigoda chake. Alisema "Mufike amahoro," basi. Esta alitusindikiza hatua chache, mpaka kwenye bomba la maji, akasimama.

Tulipokaribia nyumbani baba akaniambia, "Usimwambie mama yako habari ya kumfundisha." Sikumwambia. Mama amefariki hajui, na baba alifariki kabla yake. Miaka ilipopita tulisikia kwamba watu wa kambi ile wamerudishwa Burundi. Nimeuliza kwa wafanyabiashara wanaovuka, nikataja jina la Esta na la baba yake. Hakuna aliyewafahamu.

Sasa naishi mjini, na wanangu ni wakubwa. Juzi kijana wangu alinionyesha kwenye simu tangazo la mtu anayehama na kuuza vitu vyote vya ndani, jokofu, kochi, pikipiki. Amefurahi kweli. "Mama, huyu ana shida," aliniambia, "tukisubiri mpaka Ijumaa atashusha." Bei yenyewe haikuandikwa. Siku hizi hawaandiki, wanasema njoo inboksi, mnanong'onezana humo bila kujua hata mwenzako ana sura gani. Nikamwambia amuulize yule mtu anahama kwa nini. Akacheka. "Mama, biashara ya sasa haiendi hivyo."

Nilitaka kumwambia kwamba enzi zetu ilikuwa afadhali. Kwamba tulinunua kwa watu tuliowajua, tuliokula nao sinia moja, na bei ilitajwa mdomoni, watu wakitazamana macho kwa macho. Yote hayo ni kweli. Baba yangu alikuwa amekaa karibu na Baba Esta kiasi cha magoti yao kugusana, akamtazama, akataja bei ile.

Nikamrudishia kijana simu yake.