Kopo la Ndagala Bila Nyongeza

Shule niliacha darasa la tatu, na duka hili nimelijenga kwa mikono yangu. Nilirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na mke na sufuria moja. Mke akafa, duka likakua. Kwa hiyo habari za mapenzi msiniulize kama mnavyowauliza vijana. Nitasema nilivyoona, basi.

Mwanamke mwenyewe alitoka Bujumbura na cherehani yake, akapanga chumba kinachotazamana na duka langu hapa Rumonge. Mjane, mtu mzima, viatu safi hata wakati wa matope. Siku ya kwanza alinunua kopo la ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu. Nikampimia, kisha nikatia konzi moja juu, kama tunavyofanya wote. Akaenda. Punde akarudi na ile konzi kwenye karatasi.

"Muzee, umekosea. Hizi si zangu."

Wanawake waliokuja kununua mawese walicheka mpaka wakashika ukuta. Mmoja akamwambia, "Mama, hiyo ni nyongeza! Kwani huko Buja hamuongezeani?"

"Huko Buja mutu akikuongezea, ujue iko na kitu anatafuta."

"Hata huyu iko anatafuta!"

Nikawaambia wanunue ao watoke. Lakini masikio yalikuwa yanawaka.

Toka hapo akajifunza kunyoosha mfuko na kungoja. Konzi zikawa mbili. Watu wakaona, na mji huu hauna asiyeona. "Muzee, sisi macho yetu hayapendezi?" Nikaendelea kupima. Miaka yote hiyo jioni nilikula peke yangu, nimekaa juu ya gunia la unga, redio inasema habari nisizozifuata. Sasa nilikula nikitazama taa yake.

Nikampelekea shati lililochanika begani. Liliporudi, hata kola iliyokwisha alikuwa ameigeuza, upande mzima ukawa nje. Sikumuomba.

"Na mimi naongezaka," akasema.

Nililivaa shati lile mpaka watu wakauliza kama sina lingine.

Mwishowe nikavuka barabara mchana kweupe, maana mimi sijifichi. "Hamishia cherehani kwangu. Nyumba iko kubwa, na niko peke yangu."

"Unatafuta bibi, ao fundi wa bure?"

"Bibi."

Hakucheka. Alikanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono ndipo akasema, "Nitakujibu kesho, dukani kwako."

Asubuhi alikuja amevaa nguo za safari. Ng'ambo ya barabara cherehani ilikuwa inafungwa juu ya basi la Bujumbura. Aliagiza kopo la ndagala, kama kawaida. Nikapima, nikachota konzi ya kuongeza. Akaweka kiganja chake juu ya kopo.

"Hapana, muzee. Leo pima tu."

Jibu lilikuwa hilo. Nikamuuliza, nimemkosea nini?

"Hujanikosea. Nimezika bwana mumoja. Wa pili siwezi."

"Mimi sijafa."

"Najua," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. Akalipa, akapanda basi.

Nilibaki nimesimama, ndagala zimo mkononi. Hata vumbi la basi lilikuwa limeshatulia mama mmoja wa kijiji cha Gatete alipofika mlangoni na mfuko wake. Nikafungua vidole, nikammiminia.

"Muzee, mbona hata sijanunua?"

"Chukua," nikamwambia. "Chukua tu."